Kilomita Si Aibu, Aibu ni Kuzificha

Majuzi dalali mmoja wa magari alinijia shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne. Alikuwa amepata fununu kwamba nanuia kuliuza gari langu la familia, Subaru Legacy ya mwaka 2003 yenye injini ya tabo. Alilizunguka mara mbili, akachungulia dashibodi, kisha akatikisa kichwa. Mita ilisoma kilomita 312,000 na ushei. "Mwalimu," akaninong'oneza, "namba hii itakufukuzia wanunuzi. Nipe elfu chache tu, kesho itasoma mia moja na arobaini."

Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi langoni. Hata hivyo, ningekuwa mwongo nikidai kwamba sikushawishika. Tofauti ya bei aliyonitajia ingetosha karo ya binti yangu ya muhula mzima. Usiku ule usingizi ulinipaa, na ndiyo sababu nimeishika kalamu.

Gari hili nililinunua mwaka 2010, likiwa limetembea kilomita 86,000 huko Japani. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi umri wa miaka 8. Kwa hivyo, wengi wetu huanza safari na chombo ambacho tayari kimeishi maisha mengine ugenini. Mara nyingi mnunuzi wa kawaida hana shahidi wa maisha hayo ila ile mita. Shahidi huyo akifundishwa kusema uongo, mnunuzi atamtegemea nani?

Wanafunzi wa fizikia watanielewa upesi nikieleza tabo ni nini. Ni mapangaboi mawili madogo yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moto utokao ndani ya injini hulizungusha la kwanza. La pili nalo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, petroli zaidi ikachomeka na nguvu zikaongezeka. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mnamo mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliijaribu injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, akathibitisha kwamba kifaa hicho huirejeshea injini nguvu inazopokonywa na hewa nyepesi ya mlimani.

Sisi wa nyanda za juu hatuhitaji kwenda Marekani kuuona ukweli huo. Barabara ya kutoka Nakuru kuelekea Eldoret hupanda hadi Timboroa, takriban mita 2,700, ambako uzito wa hewa umepungua kwa takriban robo. Hapo magari mengi yasiyo na tabo huanza kutweta. Langu, pamoja na watu watano na magunia mawili ya viazi, hupanda bila manung'uniko.

Lakini kizuri hakikosi ila. Mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Dereva akizima injini ghafla baada ya kupanda mlima, oili husimama ndani ya chuma chenye joto kali, ikaungua na kugeuka masizi magumu. Nami nilikuwa mkosaji wa namna hiyo. Nilikuwa nikizima injini pindi nifikapo nyumbani, na kila karo ilipobisha hodi, oili ndiyo iliyongoja. Mwaka 2016 moshi wa buluu ukaanza kunifuata kama mkia. Fundi wangu hakunikaripia. Aliifungua tabo, akautikisa mhimili wake kwa vidole viwili, akasema: "Mwalimu, hii haikufa kwa uzee. Imekufa kwa kiu."

Tangu siku ile ninaweka daftari. Humo nimeandika tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa: oili mpya kila kilomita 5,000, rejeta, breki, tairi. Kila baada ya mlima mkali huiacha injini ingurume polepole kwa dakika mbili kabla ya kuizima. Tabo niliyoitia mwaka ule ingali inafanya kazi hadi leo.

Sasa tuutazame ule ushauri wa dalali. Watu husema kwamba kurudisha mita nyuma ni ujanja mdogo wa biashara, almradi gari linakwenda. Sivyo hata kidogo. Injini ya gari langu ina mkanda wa mpira unaoulinganisha mwendo wa pistoni na ule wa vali, nao hupaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Mkanda huo ukikatika, pistoni hugongana na vali na injini ikaharibika papo hapo. Mtu anayeamini namba ya uongo atauacha mkanda uliochoka akidhani ungali mchanga. Siku utakapokatika huenda atakuwa kwenye mteremko, watoto wakiwa kiti cha nyuma na lori likimfuata. Ujanja mdogo hauzai hatari kubwa namna hiyo. Huo ni wizi.

Simshauri kila mwalimu anunue gari kuukuu lenye tabo. Hunywa petroli kwa pupa, vipuri vyake si rahisi, na zile nguvu zake humshawishi dereva kupita magari mahali pasipofaa. Asiyeweza kulitunza na aliache. Ninalosisitiza ni kwamba kilomita nyingi si aibu. Gari lenye kilomita 300,000 na daftari kamili ni afadhali mara kumi kuliko lenye 90,000 zisizo na maelezo. Enyi wanunuzi, ulizeni daftari kabla ya kuuliza redio. Nanyi wauzaji, liandikeni tangu siku ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari, ukuta huo hulipiwa na mtu mwingine.

Jumamosi iliyopita gari lilinunuliwa na mwalimu kijana wa hisabati tunayefanya kazi naye. Nilimkabidhi daftari kabla ya ufunguo. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akaona kwamba mkanda ulibadilishwa mara ya mwisho kwenye kilomita 215,000. Akapiga hesabu, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, basi huu wakati wake umewadia. Itabidi unipunguzie."

Nilimpunguzia. Karo ya binti yangu nitaitafuta kwingine.