Wasemao Nasomea Kuimba

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi hata sasa nalijua kabla halijatoka kinywani mwa mwulizaji. Nikisema kwamba nasomea shahada ya elimu ya utotoni, mtu hunitazama, hutabasamu kidogo, kisha husema, "Miaka yote hiyo chuo kikuu, ili ukawaimbishe watoto?" Huniuliza jamaa zangu arusini, huniuliza abiria wenzangu katika matatu, na huniuliza hata walimu wa shule za upili ambao kila mwaka huvuna kile kilichopandwa, au kilichoharibiwa, na mwalimu wa chekechea. Mjomba wangu mmoja alinishauri kwa upole, "Mwanangu, pesa hizo za karo ungenunua mbuzi." Nimenyamaza vya kutosha. Leo nataka kujibu.

Hakuna Mswahili asiyejua kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba udongo uwahi ungali maji. Methali hizi twazitoa katika mikutano ya wazazi, na wageni wa heshima huzirudia jukwaani. Lakini siku ya mshahara ikifika, yule amkunjaye samaki akiwa mbichi ndiye apokeaye kidogo kuliko wote, na yule amkutaye amekwisha kukauka ndiye apewaye kiti cha mbele. Ama methali zetu ni za uongo, ama waongo ni sisi. Mimi nazisadiki methali.

Sasa tuje kwenye huko kuimba. Naam, twaimba. Lakini hebu msomaji afanye jaribio hili nyumbani. Amwite mtoto wa miaka minne ahesabu moja hadi ishirini. Atahesabu kama kasuku, na mama atapiga makofi. Kisha amwekee vijiwe saba chini na amwulize ni vingapi. Huenda mtoto akakihesabu kijiwe kimoja mara mbili, akaruka kingine, akaishia kumi. Avipange vijiwe katika mistari miwili iliyo sawa, halafu atawanye vya mstari mmoja viwe mbalimbali. Yamkini mtoto atasema kwamba vile vilivyotawanywa sasa ni vingi zaidi. Jean Piaget wa Uswisi alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba huo si ujinga bali ni hatua ya kukua kwa akili. Mwalimu asiyejua hayo atadhani mtoto ni mzito, naye atatafuta fimbo. Mwalimu anayejua atavileta vijiwe tena kesho, na keshokutwa. Tofauti kati ya fimbo na kijiwe ndiyo ninayoisomea.

Vivyo hivyo katika kusoma. Tunapopiga makofi na kuimba m-to-to, makofi matatu, mtoto anajifunza kwamba neno lina vipande, na kwamba ile "m" ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi kamili. Hilo ni somo la isimu, ingawa limevaa nguo za mchezo. Mtoto aliyelipata haoni shida siku anapokutana na herufi. Yule aliyekaririshwa majina ya herufi za Kiingereza tangu siku ya kwanza hutazama neno "mama" akasema "em-ei-em-ei", asijue kwamba ameitaja mamaye mwenyewe. Baadaye twalalamika kwamba watoto wa darasa la nne hawajui kusoma!

Wanaodhani kwamba kazi hii ni ya wasio na elimu wangeitazama historia. Friedrich Froebel wa Ujerumani, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, alikuwa mtu wa fikra nzito za falsafa. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, alikuwa daktari wa tiba. Wala faida ya kazi hii si hadithi tu. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan huko Marekani, uchunguzi ulioanza mwaka 1962 uliwafuata watoto 123 wa familia maskini hadi walipofika umri wa miaka 40. Waliopitia chekechea iliyo bora walimaliza shule ya upili kwa wingi zaidi, wakapata mapato makubwa zaidi, na wakakamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wale ambao hawakuipitia. Walimu wao walikuwa na shahada, nao waliwatembelea wazazi nyumbani kila wiki. Najua kwamba Michigan si Malindi, na kwamba kule kila mwalimu alikuwa na watoto wapatao sita tu. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu: mwenye watoto sitini anahitaji maarifa zaidi ya mwenye sita, si machache zaidi.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo naiheshimu. Husema, "Mbona Bi Swafiya Said wa Mombasa aliwafunza wanawake wa mitaani tu, bila shahada, nao wakaendesha shule nzuri?" Ni kweli. Mpango wa chekechea za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980, na baadaye ukafika Zanzibar na Uganda, ulijengwa juu ya wanawake wa jamii zenyewe, na nani asiyejivunia kazi hiyo? Lakini tuitazame vizuri. Wanawake wale hawakuokotwa na kuachwa darasani. Walifunzwa, wakatembelewa, wakasahihishwa, wakafunzwa tena. Nani aliyewafunza? Watu walioijua kazi hii kwa kina. Sisemi kwamba kila mwalimu wa chekechea lazima awe na shahada kesho asubuhi. Nasema kwamba pasipo watu walioisoma fani hii hadi juu, hapatakuwa na wa kuwafunza wengine, wala wa kutunga mitalaa, wala wa kumwambia mkubwa wa elimu kwamba amekosea.

Wala vyuo vyetu sivisifu kupita kiasi. Sisi tusomao wakati wa likizo za shule tumekaa mamia ukumbini tukisikiliza mhadhara kuhusu umuhimu wa mchezo, na hapakuwa na hata kifuu kimoja cha nazi cha kuchezea. Chuo kinachofundisha habari za mtoto bila mtoto ni sawa na kufundisha kuogelea ubaoni.

Dhuluma kubwa zaidi, hata hivyo, iko kazini. Hapa Kenya elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, chekechea iliachwa nje, na wazazi wakaendelea kuchanga mshahara wa mwalimu. Katiba ya 2010 ikaikabidhi elimu hii kwa kaunti, huku mwalimu wa shule ya msingi akibaki chini ya Tume ya Kuajiri Walimu. Basi kati ya darasa langu na darasa la kwanza pana ukuta mmoja wa matofali. Ng'ambo ya ukuta yuko mwenzangu mwenye ajira ya kudumu na malipo ya uzeeni. Upande huu niko mimi, na kandarasi inayokwisha na kuombwa upya kila mara kama ruhusa ya kukojoa. Nilipopeleka ofisini cheti changu cha stashahada niliambiwa, "Hongera mwalimu, lakini mshahara wa chekechea ni mmoja tu." Katiba haikuandika kwamba kaunti ziwalipe walimu hawa kiduchu. Iliandika tu nani ashike kazi hiyo. Uduni huo umeongezwa na binadamu, na binadamu wanaweza kuuondoa.

Ninachodai si fadhila. Mwalimu wa chekechea alipwe kwa kadiri ya elimu yake, kama alipwavyo mwalimu mwingine yeyote. Vyuo vitupeleke kwa watoto mapema na mara nyingi. Na shule zinazowapa watoto wa miaka mitano mitihani ya kuingia darasa la kwanza ziache ukatili huo, kwa maana ndizo zinazowafanya wazazi watudai maandishi kabla ya vidole kukomaa.

Nawe mzazi usomaye haya una sehemu yako. Ukimpeleka mwanao kwa mara ya kwanza, usiulize majengo yamepakwa rangi gani wala kama watoto wataongea Kiingereza kufikia Krismasi. Uliza mwalimu amesomea wapi, ana watoto wangapi, na mara ya mwisho alilipwa lini. Ukipata jibu la aibu, usimwonee haya mwalimu. Lipeleke jibu hilo kwa yule aliyekuomba kura.