Kujitenga na washindani kuliniponza

Wafanyabiashara wenzangu, kuna ushauri unazunguka sana mtandaoni: fungua biashara mahali ambapo hakuna mwingine anayeuza unachouza. Mimi niliufuata. Nikachukua fremu Mbagala, viatu vya kike, peke yangu mtaa mzima. Kodi nafuu, mshindani hakuna.

Sasa mteja anakuja inboksi anataka namba 39, mimi nina 38. Nifanyeje? Nauli na nusu siku kwenda Kariakoo kufuata pea moja, faida iko wapi? Mteja kaenda hivyo.

Miezi saba tu, nikafunga. Nikarudi Kariakoo, nikapanga nusu meza ndani ya fremu ya mtu. Leo nikikosa namba navuka tu kwa jirani, ananipa kwa bei ya jumla. Naye akikosa anakuja kwangu. Yule yule niliyekuwa namkimbia!

Halafu angalia ajira. Duka moja la Mbagala haliwezi kumlisha mfunga mizigo. Maduka mia yakiwa pamoja, yupo mfunga mizigo, wa mkokoteni, bodaboda, wa kupeleka parseli kwenye mabasi ya mikoani, na mama ntilie wa kuwalisha wote. Nenda Keko kwenye fanicha uone: mmoja anaranda mbao, mwingine anapiga vanishi, mwingine kazi yake ni kushona makochi tu. Kijana anaanza na kipande kimoja cha kazi, hahitaji karakana nzima. Mchumi Mwingereza Alfred Marshall aliliandika jambo hili tangu 1890, sio jipya.

Na winga je? Hana mzigo, hana fremu, ana simu na miguu. Anapiga picha dukani, anapost, anauza, anachukua cha juu. Akijua mzigo unatoka wapi na mteja anapenda nini, naye anafungua lake. Hiyo shule ukikaa peke yako huipati.

Sikatai, kuna maumivu. Kilemba kinatisha. Ukipost kiatu asubuhi, jioni kiko kurasa kumi, bei imeshuka elfu mbili. Na tuliona Soko la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021, kwa hiyo mzigo wote usiuweke sehemu moja. Mimi stoo yangu iko nyumbani.

Ila ukiwa na mtaji mdogo, tafuta nusu meza karibu na wenzako, au anza uwinga siku tatu kwa wiki. Zile pea 11 zilizododa Mbagala nilizimaliza Kariakoo ndani ya wiki mbili. Zote namba 38.