Msikilizaji Si Mteja

Wako wenzetu wasemao kwamba redio ya zamani ilikuwa kasuku wa serikali, na kwamba kutoweka kwake hakukumpunguzia mtu kitu. Kauli hiyo twaipinga.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951, zama za Gavana Edward Twining, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ukawa shirika, na mwaka 1965 ukawa idara ya serikali huru: Redio Tanzania Dar es Salaam. Jina lilipobadilika, msikilizaji naye alibadilishwa. Mkoloni alimwona mtawaliwa wa kupewa habari. Uhuru ukamwita mwananchi, mtu wa kushauriwa na kufundishwa.

Sisi tuliokulia vijijini twakumbuka betri zikianikwa juani ili zipate uhai wa jioni moja zaidi. Haikuwa kwa ajili ya muziki tu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Idhaa ya Nje iliwapa wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini sauti iliyovuka mipaka waliyofungiwa. Kipindi cha Malenga Wetu kilikipa utenzi na shairi kiti cha heshima. Na kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri, studio ya redio ndiyo iliyorekodi bendi zetu.

Hatusemi kwamba redio ile ilikuwa malaika. Maneno ya wimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na aliyepingana na wakubwa hakupata kipaza sauti. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1993, iliyofungua mlango kwa redio za watu binafsi, ilikuwa ya haki. Radio One ilipoingia hewani mwaka 1994, nasi tulifurahi.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mawazo, aliyeingia kwa kishindo ni mfanyabiashara. Mwananchi akageuzwa mteja. Tazameni hata mawimbi yenyewe: masafa ya kati, ijapokuwa yalikwaruza, usiku yalirudishwa na anga yakamfikia mtu wa mbali, FM ni safi masikioni, lakini mlima huizuia. Tena biashara hufuata walipo wanunuzi, si walipo wahitaji. Katika vipindi vingi sentensi huanza kwa Kiswahili ikamalizikia kwa Kiingereza, umbeya hupewa saa nzima, na shairi hunyimwa dakika tano kwa kuwa halina mdhamini. Je, huu ndio uhuru tulioudai? La hasha! Kumtoa mtu mikononi mwa mkaguzi na kumtia mikononi mwa mchuuzi si kumkomboa.

Baya zaidi ni dharau juu ya kanda za zamani. Kanda ya sumaku huliwa na joto na unyevu, haingoji bajeti. Ikioza, wimbo uliorekodiwa mara moja tu umekufa, na hotuba ya mkombozi imenyamaza. Yatupasa kudai kwamba kila kanda ambayo shirika la TBC limerithi inakiliwe, iorodheshwe, na nakala zifike shuleni, si kufungiwa kabatini. Twadai pia kwamba kila kituo, cha umma na cha binafsi, kitenge robo saa kwa siku kwa ajili ya ushairi na lugha sanifu.

Ninyi walimu na wanafunzi msingoje waraka. Nendeni kwa wazee, waulizeni vipindi walivyovisikiliza na nyimbo wazikumbukazo, kisha yaandikeni majibu yao. Mwacha mila ni mtumwa, na mtumwa wa matangazo ya sabuni ni mtumwa vilevile.