Nasaha ya Simuni Itamfikia Mwanetu Kiogoro?

Simu iliita saa tano na nusu usiku, nami nishajinyoosha kitandani. Alikuwa mtoto wa ndugu yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili huko Kisii, aliyepanga chumba Kiogoro. "Ami, nimechoka," akasema. Nikadhani ni masomo. Nikamwambia asali, alale, asubuhi atakuwa sawa. Akanyamaza kidogo, kisha: "Sawa Ami," na simu ikakatika.

Siku tatu baadaye mwenzake wa chumba alimpigia mamake. Kijana hali, haogi, haendi darasani, mchana kutwa amejifunika blanketi. Mimi niliyepigiwa mwanzo ndiye niliyekuwa wa mwisho kufahamu. Nimeanza na kosa langu kusudi, kwa sababu mjadala huu wa nasaha za simuni tunapenda kuuanza na serikali na vyuo.

Kwa msiopajua, Kiogoro ni wadi ya Nyaribari Chache, karibu na mji wa Kisii. Ni vilima juu ya vilima, migomba na majani chai, na mvua za alasiri zinazoleta baridi ambayo mtoto wa Likoni hajawahi kuivalia sweta. Chuo Kikuu cha Kisii kilipewa hati yake mwaka 2013, na upo pia ule wa ufundi, Kisii National Polytechnic. Vitanda vya bweni havitoshi wanafunzi wote, kwa hivyo vijana hukodi vyumba mitaani na vijijini. KUCCPS humpanga mtoto wa Kwale au Lamu huko kwa alama zake. Kutoka Mombasa ni karibu kilomita 800, usiku mzima ndani ya basi na asubuhi kubadilisha gari. Akifika hajui neno la Kigusii, na majirani wakizungumza kibarazani yeye hutabasamu tu.

Juu ya upweke huo weka karo. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 hupanga familia katika madaraja kulingana na uwezo, na wazazi wengi wamelalamika kuwa wamewekwa daraja lisilo lao. Mtoto anajua nyumbani hakuna. Anajua pia kwamba ukoo mzima ulichanga, na huenda shamba liliuzwa. Sasa ataanzaje kusema kwamba ameshindwa kuamka?

Kwenye tovuti za vyuo tunaambiwa: piga simu, pakua programu, ongea na mshauri kwa siri. Huduma hizo zipo kweli. Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari 1199, na kuipiga ni bure. Befrienders Kenya nao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwasikiliza watu waliofika ukingoni. Zipo pia kampuni za kibinafsi zinazouza vikao vya nasaha kwa video. Haja nayo ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hujitoa uhai kila mwaka duniani, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Kenya ina watu zaidi ya milioni hamsini, na jopo la Daktari Frank Njenga lilipotoa ripoti yake mwaka 2020 madaktari bingwa wa akili walikuwa kama mia moja tu nchi nzima, wengi wao wakiwa Nairobi. Jopo lilitaka maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Kwa hesabu hiyo, anayesema kila mwanafunzi aonane na daktari ana kwa ana anaota mchana.

Je, nasaha ya simuni hufaa? Hapa sipendi kubahatisha. Chicago walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 325 wenye huzuni nzito. Nusu walipewa matibabu ya mazungumzo kwa simu, nusu wakikaa na mshauri chumba kimoja. Wa simu walikuwa wachache zaidi kuacha matibabu njiani, na vikao vilipokwisha makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Lakini walipoangaliwa miezi sita baadaye, waliokaa ana kwa ana walikuwa wamedumu vizuri zaidi. Nimeusoma utafiti huo mara mbili, maana unasema mambo mawili kwa mpigo: simu humshika mtu asipotee, ila uso wa mtu una kitu ambacho simu haina.

Hapa kwetu, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri walijaribu njia nyingine kwa wanafunzi wa sekondari. Waliwachukua vijana waliomaliza shule majuzi, wakawapa mafunzo mafupi, wakawaweka waongoze vikundi kuhusu kukua, kushukuru na kuyajua yale mtu anayoyathamini. Utafiti wao wa wanafunzi 413 ulichapishwa mwaka 2021 na ulionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zikipungua. Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu kikao kimoja tu cha kompyuta, mwanafunzi na skrini yake, kwa vijana 103, na huzuni ikapungua baada ya wiki mbili. Linalonivutia ni kwamba hawakuanza kwa kumwambia mtoto "wewe mgonjwa". Mtoto wa Kipwani ukimwambia ana ugonjwa wa akili, atawaza Port Reitz na minyororo, na hatakupigia tena.

Turudi Kiogoro. Tulipomtafutia kijana wetu mshauri wa simuni, ada ya kikao kimoja ilikaribia kodi ya chumba chake ya mwezi mzima. Tukalipa. Kikao cha kwanza kilivunjika mara nne, mtandao unakuja na kwenda, na umeme ulipozimika simu ikafa. Cha pili alizungumza akiwa nje kwenye migomba, kwa sababu ukuta wa chumba ni mwembamba na mwenzake yuko kitandani. Hebu fikiria mtu anaeleza yanayomtoa machozi huku watoto wa mwenye nyumba wanapita na ng'ombe. Mshauri alikuwa mtu mzuri, sina neno naye, ila alipoona hali ni nzito alimshauri aende kituo fulani cha Nairobi. Nairobi! Kutoka hapo alipo, Hospitali ya Rufaa ya Kisii iko karibu, nauli ya bodaboda tu. Mshauri hakulijua hilo, na programu yake haikuwa na njia ya kumjulisha.

Naona hapa ndipo penye udhaifu wa mpango mzima. Simu ni mlango. Mlango usiofunguka kwenye chumba chochote haumsaidii aliyenyeshewa. Nambari ya nasaha inapaswa kuwa na orodha ya hospitali za kila kaunti, na jina la mtu wa kumpokea kijana akifika. Chuo nacho hakipungukiwi kitu kikitenga chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, kompyuta na mtandao wa uhakika, mwanafunzi akaingia saa aliyopangiwa akazungumza na mshauri wa mbali bila ya kusikiwa. Gharama yake ni ndogo kuliko tamasha moja la wanafunzi.

Wazazi nao waulize vyeti. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na mtu anayekuuzia kikao anatakiwa awe amesajiliwa. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu vilevile. Kabla kijana hajaandika siri zake kwenye programu, ajue zinahifadhiwa wapi na nani anazisoma. Wengi hubonyeza "nakubali" kama wanaopangusa jasho.

Kuna hofu nyingine iliyowafunga vijana midomo. Kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Nani atampigia mtu asiyemjua akiri jambo la jela? Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Habari hiyo ilipita haraka magazetini, na sijaisikia ikitajwa hata mara moja kwenye hotuba ya Ijumaa. Ingefaa itajwe, kwa sababu kuna mtu ndani ya safu anaisubiri.

Nasi Waislamu tusijidanganye kwamba mwenye imani haumwi moyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akieleza huzuni na hofu kama maradhi yanayotibika. Dua ipo mahali pake na daktari mahali pake. Wagusii wenyewe, kwa taarifa yenu, walikuwa na mafundi wa kupasua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, kazi iliyowashangaza madaktari wa kizungu. Kwa hivyo tusidhani kule tumempeleka mtoto gizani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya sisi wa Pwani ndio tunaoyaficha kwa ustadi: tutasema ana malaria, ana jini, amehusudiwa, ilimradi jina lenyewe lisitajwe.

Kijana wetu hakuokolewa na programu peke yake. Mwenzake wa chumba alimpeleka hospitali ya Kisii asubuhi moja kwa bodaboda, bila ya kutuuliza. Baadaye wanafunzi wa Pwani walio huko walimtoa chumbani Ijumaa wakaenda naye msikitini mjini, ambako wamo Wanubi waliokaa Kisii tangu zama za ukoloni na ambao Kiswahili wanakizungumza. Mzee mmoja alimwalika chakula cha mchana, akamuuliza kwao ni wapi. Vikao vya simu viliendelea, mara moja kwa wiki, sasa akivifanya ofisini kwa mhadhiri mmoja aliyemwachia ufunguo.

Mimi nimebadilisha jambo moja. Akinipigia usiku simwambii alale. Namuuliza amekula nini, nani yuko naye, na lile neno tunaloliogopa namuuliza waziwazi: unafikiria kujidhuru? Mara ya kwanza ulimi uliniwia mzito. Alicheka, akasema, "Leo la, Ami. Lakini asante kwa kuuliza." Juzi alinipigia tena, safari hii akitaka nambari ya mshauri wake. Haikuwa ya kutumia mwenyewe. Kuna msichana wa Malindi, mwaka wa kwanza, amepanga nyumba ya pili kutoka kwake, na wiki hii hajatoka nje.