Bega Linalouma Halitaki Kufungwa

Mtu akilalamika bega hapa kwetu, ushauri ni mmoja: "Lipumzishe." Mama atafungwa mkono shingoni kwa leso, akanywe asishike ndoo wala asiinue kitu mpaka maumivu yaishe. Wiki zinapita, mwezi unakatika. Leso ikija kufunguliwa, mkono haupandi tena. Ushauri huu hutolewa kwa huruma, lakini unalemaza watu, na wakati umefika wa kuukataa.

Tuanzie Gotu, kwenye barabara ya Isiolo kwenda Merti, kwa kuwa maisha ya huko yanategemea mabega. Kiangazi kikikaza na mto Ewaso Ng'iro ukakauka, maji hutafutwa kwa kuchimba mchanga. Aliye ndani ya kisima huchota, akainua chombo juu ya kichwa chake kumfikia aliye ukingoni. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, nao hubebwa mgongoni hadi nyumbani. Nyumba yenyewe, kwa desturi ya Waborana, hujengwa na mwanamke: yeye ndiye anayekunja fito na kuzitandikia mikeka juu. Mkono usiovuka usawa wa kifua hauwezi lolote kati ya hayo.

Ili uone bega linavyofanya kazi, weka kiganja chako kwenye kombe la bega la mwenzako, kisha mwambie ainue mkono polepole. Utasikia ncha ya chini ya kombe ikiteleza kuelekea ubavuni. Mkono unapopanda nyuzi 180, takriban 120 hutoka kwenye kifundo cha bega chenyewe na 60 hutoka kwenye kombe linalozunguka juu ya mbavu. Kombe hilo limeungwa na kifua kwa mfupa mmoja tu, mtulinga. Nacho kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikalio chake, ambacho hakina kina kirefu, kama kisahani. Nyonga ina tundu la kuukumbatia mfupa wa paja, bega halina. Linashikiliwa na mfuko wa kifundo, kano, na zaidi ya yote misuli, ikiwemo minne midogo inayokizunguka kifundo kwa karibu.

Kiungo kinachoshikwa na misuli huishi kwa kutumika. Kikifungwa, misuli hunyauka na mfuko wa kifundo husinyaa. Kwanza mtu hushindwa kuupeleka mkono nje au kuufikisha mgongoni, halafu hata kuvaa nguo inakuwa mateso. Mwaka 1934 Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, aliliita hilo bega lililoganda. Huwapata zaidi wenye miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wote. Huweza kuanza bila sababu inayoonekana, ni kweli, na kuachia kwake huchukua mwaka hadi mitatu. Basi kwa nini tulisaidie kuganda?

Sisemi mtu abebe mtungi huku akilia. Punguza mzigo, lakini usisimamishe mwendo. Inama, shika ukingo wa kitanda kwa mkono mzima, uache ule unaouma uning'inie na kuyumba taratibu. Simama mbele ya ukuta, upandishe vidole mpaka pale maumivu yanapovumilika. Rudia kila siku.

Bega lililoteguka au kuvunjika ni jambo jingine: hilo hutulizwa kwa muda na kupelekwa hospitali lipigwe eksirei, lisivutwe na mkandaji, maana mishipa ya fahamu na ya damu hupita kwapani. Vivyo hivyo maumivu yanayokuja na homa, au yanayoandamana na kubanwa kifua.

Wahudumu wa afya ya jamii walipewa na serikali mikoba ya vifaa mwaka 2023, kikiwemo kipimo cha sukari. Kaunti ya Isiolo iwafundishe pia mazoezi haya mawili, na kila anayelalamika bega apimwe sukari. Nawe msomaji, ukimkuta mama amefungwa leso shingoni kwa mwezi mzima bila agizo la daktari, mwambie aifungue.