Nambari ya kaunti si nambari

Wiki hii nimebishana na jamaa mmoja wa kazini kuhusu sifuri ya mbele, na bado nashikilia msimamo wangu, kwa hivyo nauleta hapa.

Kaunti za Kenya zina nambari 1 hadi 47, kwa mpangilio wa Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010. Kwenye orodha za IEBC huandikwa kwa tarakimu tatu: Trans Nzoia, yaani kwetu Kitale, ni 026, na Bungoma ni 039. Kuzichapisha hivyo katika C ni rahisi:

printf("%03d\n", kaunti);

Hapo 3 ni upana, na 0 inajaza nafasi iliyobaki mbele.

Basi jamaa anasema tuweke int kila mahali. Mimi nakataa. Andika hivi uone:

int kitale = 026;

Kompaila hailalamiki, kwa sababu katika C nambari inayoanza na sifuri huhesabiwa kwa mfumo wa nane. Unapata 22. Hiyo ni Kiambu! Mahindi ya Kitale yamehamia Kiambu na hakuna aliyeambiwa. Bungoma ina bahati kidogo: 039 inakataliwa papo hapo, maana tarakimu 9 haimo katika mfumo wa nane.

Bahati hiyo inaisha ukisoma faili kwa scanf na %i. 026 inakuwa 22 tena, na 039 inasomwa kama 3 (Kilifi, jamani), halafu 9 inabaki ikingoja kuharibu usomaji unaofuata. %d haina vituko hivyo. Na strtol ipe 10 waziwazi, usiipe 0.

Simu ndizo mbaya zaidi. %010d itarudisha sifuri ya 07, sawa. Lakini mteja anayeanza na 254 ana tarakimu 12, na int ya biti 32 inaishia 2147483647.

Mimi hujiuliza: nitawahi kuijumlisha? Nambari ya risiti naiongeza moja kila mara, kwa hivyo int na %05d zinatosha. Kaunti na simu sijumlishi kamwe. Hayo ni majina yaliyovaa tarakimu, yakae char kaunti[4] na yachapishwe kwa %s.

Jamaa akadai maandishi yanakula kumbukumbu. char[4] ni baiti 4. int kwenye mashine zetu ni baiti 4.