Neno la Mhariri: Majibu ya Vinasaba Yarudi Wilayani

Mgonjwa akishathibitishwa kuwa na kifua kikuu, mhudumu hufungua rejesta na kuanza kuuliza: unaishi na nani? Unalala chumba kimoja na nani? Nyumbani kuna watoto wa chini ya miaka mitano? Ni maswali ya lazima, kwani mtoto mdogo akiambukizwa, ugonjwa humwendea mbio. Lakini rejesta ikifungwa hapo, tumekubali bila kutamka kwamba TB huambukizwa zaidi nyumbani. Makala za toleo hili zinaihoji imani hiyo, na shahidi wao mkuu ni kimelea chenyewe.

Ushahidi ulio karibu nasi unatoka Karonga, wilaya ya kaskazini mwa Malawi inayopakana na Tanzania. Kwa takribani miaka 15 watafiti walikusanya sampuli za wagonjwa wa wilaya hiyo, wakasoma jenomu za vimelea zaidi ya 1,600 na kuzilinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa ni takribani mgonjwa mmoja tu kati ya kumi ambaye ugonjwa wake ungeweza kuhusishwa na mtu wa karibu aliyejulikana kuugua TB. Waliobaki waliupata kwa watu ambao rejesta haikuwaulizia, na pengine wao wenyewe hawakuwafahamu.

Jibu la namna hiyo hupatikanaje? Safari huanzia kwenye kikopo cha makohozi. Maabara huyatibu kwanza ili kuua bakteria wengine, kisha huyaotesha kwenye chupa yenye chakula cha mayai kilichotiwa rangi ya kijani, katika joto la nyuzi 37. Kimelea cha TB hakina haraka. Hujigawa mara moja kwa karibu siku nzima, hivyo hupita wiki tatu hadi nane kabla makundi yake ya rangi ya krimu hayajaonekana, makavu na yenye vinundu kama makombo ya mkate. Hapo ndipo vinasaba huchukuliwa na kusomwa.

Njia ya kwanza iliyokubalika kimataifa, mwaka 1993, ilikata vinasaba hivyo na kupanga vipande vyake katika mistari, na wagonjwa wenye mistari inayofanana wakahesabiwa kuwa kundi moja. Zikafuata njia nyepesi zaidi zinazotazama sehemu chache za jenomu. Leo tunaweza kusoma karibu jenomu yote, herufi milioni 4.4. Kwa wastani herufi moja tu hubadilika kila baada ya miaka miwili. Uchunguzi uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulipendekeza mipaka ambayo wengi wameitumia tangu hapo: vimelea vya wagonjwa wawili vikitofautiana kwa herufi tano au pungufu, yaelekea maambukizi kati yao ni ya karibuni; vikitofautiana kwa zaidi ya 12, kiungo kitafutwe kwingine. Usomaji huo umerekebisha hata njia zilizoutangulia. Katika mlipuko mmoja wa British Columbia, Kanada, njia ya awali iliona kundi moja la vimelea, na jenomu nzima ikaonyesha ni makundi mawili.

Maarifa haya hubadili maamuzi. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 16 waliokuwa wametibiwa wakapona, kisha wakaugua tena. Kwa 12 kati yao, kimelea cha mara ya pili hakikuwa kile cha kwanza: walikuwa wameambukizwa upya. Ni wagonjwa wangapi katika kliniki zetu wamekaripiwa kwamba hawakumeza dawa vizuri, ilhali walizimaliza zote na kurudi kuvuta hewa ileile iliyowaambukiza awali? Mtu wa namna hiyo anahitaji dawa, lakini anahitaji pia tumwombe radhi na kwenda kuitazama hewa hiyo.

Tugela Ferry, huko KwaZulu-Natal, ilitufundisha kwa machungu. Mwaka 2006 iliripotiwa kuwa wagonjwa 53 walikuwa na TB sugu kupita kiasi, na 52 kati yao walikufa. Waliopimwa vinasaba, wengi wao walikutwa na vimelea vya ukoo mmoja, na wengi walikuwa wamelazwa hospitalini muda si mrefu kabla. Usugu ule haukuanza upya katika kila mwili kwa sababu ya uzembe wa mgonjwa. Ulikuwa unapita kutoka mtu hadi mtu, hata wodini. Palipohitajika madirisha yaliyo wazi, barakoa na kuwatenga wanaokohoa, karipio lisingemponya mtu.

Eswatini nako, utafiti wa mwaka 2009 ulikusanya sampuli ambazo baadaye zilionyesha kuwa karibu asilimia 30 ya vimelea sugu vilikuwa na badiliko ambalo mashine ya GeneXpert haikuwa na uwezo wa kuliona. GeneXpert ni msaada mkubwa, hutoa jibu kwa takribani saa mbili, lakini hutazama kipande kidogo tu cha jenomu. Asiyesoma zaidi ya hapo atamwambia mgonjwa wa TB sugu kwamba dawa za kawaida zitamponya.

Hapa kwetu kazi imeanza. Taasisi ya Afya ya Ifakara na washirika wake wa Basel, Uswisi, wamesoma jenomu 1,082 kutoka kwa wagonjwa wa Dar es Salaam. Mwaka 2023 walionyesha kuwa TB ya jiji hilo inatawaliwa na koo za vimelea zilizoingia kutoka pande mbalimbali za dunia katika miaka 300 iliyopita. Ni sayansi ya hali ya juu. Tunachodai ni kwamba maarifa ya aina hii yasiishie kwenye majarida, hili letu likiwemo, bali yamfikie mratibu wa TB wa wilaya akiwa bado na la kufanya.

Tanzania ina kila sababu ya kulidai hili. Mpango wake wa taifa wa kudhibiti TB, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa mtaalamu wa TB Karel Styblo, ulijengwa juu ya rejesta ya wilaya, na Shirika la Afya Duniani liliusambaza mfumo huo kwingine. Nchi iliyoionyesha dunia namna ya kuhesabu wagonjwa wilayani inaweza kuionyesha namna ya kusoma vimelea vyao wilayani.

Wapo watakaosema fedha ni chache, na wana haki. Basi tuanze na wagonjwa wote wa TB sugu, kisha wilaya chache za mijini. Baadhi ya mashine zipo tayari: maabara kadhaa za Afrika, kama ile ya Kilifi, Kenya, zilisoma jenomu za kirusi cha UVIKO-19 kwa mamia na maelfu. Wapo pia wanaohofia siri za wagonjwa, na hofu yao tunaishiriki. Vimelea kufanana hakuthibitishi nani alimwambukiza nani, kwa kuwa mtu wa katikati huenda hajawahi kufika kliniki. Kwa hiyo majibu yaelekeze timu mahali, iwe kilabu cha pombe, karakana, gereza au wodi, na kamwe yasitumike kumtaja mtu kuwa chanzo.

Kwa wizara za afya na wafadhili, tunapendekeza kipimo kimoja cha kupima mafanikio. Matibabu ya kawaida ya TB huchukua miezi sita. Jibu la vinasaba limfikie mratibu wa wilaya kabla mgonjwa hajamaliza dawa zake, likiwa na ushauri ulioandikwa kwa lugha anayoitumia kazini, ili aende na timu yake mahali maambukizi yanapoendelea na kuwapima waliopo.